Mtihani wa Mzee Rula

Kijiwe chetu kiko kando ya ukuta wa duka langu la fotokopi, ng'ambo ya geti la karakana inayotengeneza pampu za maji. Benchi moja refu, kigoda cha Mama Buli anayeuza kahawa, jiko lake la mkaa, basi. Wakaaji ni walewale. Cheche ni mchomeleaji, kope zake zimeungua hadi zimekata tamaa ya kuota. Randa ni seremala. Anachonga maumbo ya mbao ambayo karakana huyatumia kumiminia chuma. Mimi wananiita Fotokopi. Mwisho wa benchi, karibu na mlango wangu, ndipo alipokuwa akikaa Mzee Rula, mchoraji wa karakana kwa miaka thelathini na moja. Hakuna chuma kilichotoka kwenye geti lile bila kuanzia kwenye penseli yake. Jumatatu ile mahali pake palikuwa patupu kwa siku ya sita, na waliokuja walibanana upande wa pili wa benchi.

— Wamemtoa, alisema Cheche. Kafeli mtihani wa kompyuta, kapewa barua, kwisha habari.

Hilo lilijulikana. Mwaka jana karakana ilinunua kompyuta za kuchorea, mbao za zamani za kuchorea zikasukumwa stoo pamoja na rula zake ndefu. Wachoraji watatu wakaambiwa wana miezi kumi ya kujifunza, kisha mtihani: sehemu moja ya pampu, ichorwe sura zake tatu, ya mbele, ya juu na ya ubavuni, vipimo vyote viwepo, kwa saa moja. Vijana wawili walifaulu. Mzee Rula, aliyewafundisha vijana haohao namna ya kushika bikari, hakufaulu.

— Kinachonisumbua ni hiki, Cheche aliendelea. Mtu aliyechora pampu thelathini na moja...
— Miaka thelathini na moja, Randa alimsahihisha. Pampu ni mamia.
— Mamia basi. Mtu huyo anashindwaje kuchora kifuniko kimoja? Mimi nasema ile mashine inapima joto la mkono. Ukivuka hamsini na tano damu imepoa, kipanya hakikusikii tena. Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala.
— Na hapo paka ni nani?
— Penseli.

Randa alifikiri kidogo.

— Haiingii, alisema.
— Itaingia ukimaliza kikombe.
— Siyo joto, bwana. Nisikilizeni mimi ninayeingia mle ndani. Michoro yake yote iliwekwa wapi? Kwenye kabati la chuma. Nani waliipiga picha mwezi wa tatu, karatasi moja moja? Wale vijana. Sasa kompyuta imeshaujua mkono wake, namna anavyokunja kona, namna anavyoandika namba saba. Yeye mwenyewe wa kazi gani tena? Wamemkausha kama limau. Ukiona vyaelea, vimeundwa.
— Methali hiyo inamsifu fundi, Randa, Mama Buli alisema.
— Ndiyo nasema. Mafundi wenyewe ndio hao, wamemuundia.

Cheche alijisogeza karibu, akashusha sauti kana kwamba karakana ingesikia.

— Kuna jambo kubwa kuliko hilo. Nimeambiwa zile kompyuta zinasemezana zenyewe kwa zenyewe. Waya mmoja, ukuta mmoja. Ya kwake iliambiwa na nyingine imkatae. Akiandika mbili inaweka tano. Utashindana na kitu ambacho hakina mama wala baba?
— Nani kakuambia?
— Mtu.
— Mtu gani?
— Mtu mzima na akili zake.

Siku nyingine tungecheka. Mama Buli aliondoa birika motoni, akapangusa mikono kwa kanga yake.

— Mnajipa kazi bure, alisema. Mimi namheshimu mzee, lakini kiburi ndicho kilichomponza. Tangu mwaka jana alikuwa akinipita hapo ubavuni, namwamkia shikamoo, kimya. Mpaka nisimame mbele ya uso wake ndipo aitikie.
— Hata mimi, Randa alisema. Alinigonga bega pale getini, akaenda zake kama kagonga mlingoti.
— Na kile kidole? Nikimmiminia kahawa anatumbukiza kidole kwenye ukingo wa kikombe. Nikajisemea, watu wa vipimo hawa, hata kahawa lazima waipime.
— Kiburi, Cheche alikubali. Mtu mwenye kiburi kompyuta haimpendi. Inataka unyenyekevu.

Mimi nilikuwa dirishani, nachomoa karatasi iliyokwama kwenye mashine. Nilichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mzee Rula hakuwa na kiburi hata chembe, na mimi nilijua.

Alianza kuja dukani kwangu wakati wa mvua za mwaka jana, saa ya chakula cha mchana, wenzake wakiwa kantini. Nyuma ya pazia nina kompyuta ya zamani, na fundi mmoja alikuwa ameniwekea programu ya kuchora. Nilidhani atahangaika na mambo ambayo wazee wengi huhangaika nayo, wapi pa kubonyeza na kwa nini. La. Akilini mwake mchoro ulikuwa umekamilika kabla hajakaa. Kilichomshinda kilikuwa kitu kimoja tu.

— Fotokopi, mwanangu, mshale uko wapi?
— Juu kulia, mzee.
— Juu kulia wapi?
— Hapo, karibu na ukingo.

Aligeuza kichwa chote, siyo macho, akakipeleka hadi pua ikakaribia kioo. Kufika hapo, mkono ulikuwa umeshakisogeza kipanya na mshale umekimbilia kwingine. Tulirudia hivyo siku tatu. Siku ya nne alikuja na karatasi ameikunja ndani ya koti. Ulikuwa mchoro wa kifuniko cha pampu, safi, mistari yake imelala kama nywele zilizochanwa.

— Funga macho, aliniambia. Sasa pitisha kidole.

Nilipitisha. Kila mstari ulikuwa umechimbika kwenye karatasi, mfereji mwembamba ambao jicho lisingeuona.

— Nachora kwa penseli ngumu na ninakandamiza. Ule wa kwanza ukishakaa, kidole kinanionyesha wa pili unaanzia wapi. Huu ni mwaka wa pili nachora hivi. Sasa hiki kioo chako, alisema akikigusa, ni laini. Hakiniambii kitu.
— Mzee, huoni?
— Naona. Naona pale tu ninapotazama, kama mtu aliyeweka jicho kwenye bomba. Pembeni kote ukungu.
— Umekwenda hospitali?
— Nikienda wataandika. Kikiandikwa kitafika ofisini. Mchoraji asiyeona, nani atampa hata kifutio? Niache nimalize mtihani, mwanangu. Nikishapita nitakwenda. Haya ni kati yako na mimi.

Nilimwapia. Sikuona ubaya. Mtu mzima ameniamini, ameniita mwanangu, mimi ambaye baba yangu alifariki nikiwa sijui kusoma. Siyo kuapa tu, nikamsaidia kuficha. Niliukuza mshale hadi ukawa kama kiganja cha mtoto. Niliinenepesha mistari, nikaipa rangi ya njano juu ya kioo cheusi. Nikagundua kwamba programu inakubali kuandikiwa amri kwa herufi na namba, huna haja ya kuutafuta mshale. Hapo mzee alifufuka. Vidole vyake viliijua kibodi ndani ya wiki mbili. Alikuwa akisema vipimo kwa sauti ya chini huku anaandika, na umbo linajitokeza mbele yetu: duara la nje, duara la ndani, matundu sita ya bolti. Mwezi mmoja kabla ya mtihani alimaliza kifuniko kizima kwa dakika hamsini. Aliegemea kiti, akaniuliza kama mistari imefungana kwenye kona. Nikamwambia imefungana. Akacheka peke yake, nami nikajiona mtu mwenye akili sana.

Siku ya mtihani alitoka mapema kuliko wenzake. Alikuja moja kwa moja nyuma ya pazia akakaa.

— Mistari yao ni myembamba, alisema. Na mshale ni mdogo kama mdudu. Nilianza kwa namba, kama tulivyofanya. Sura ya mbele nikaimaliza, ya juu nikaimaliza. Halafu mkono ukagusa kitu, kioo kikabadilika, nisijue niko wapi. Nimeutafuta mshale dakika ishirini.
— Ungeomba msaada, mzee.
— Msimamizi alinifuata. Kijana wangu wa zamani, nimemfundisha mimi. Akaniuliza, mwalimu, unatafuta nini? Nikamwambia, nafikiri.

Alipoinuka alipapasa fremu ya mlango kabla ya kupita. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona.

Pale benchini walikuwa wamefika mbali. Cheche sasa alidai kwamba mzee hayupo mjini kabisa, amechukuliwa na kampuni ya siri ili awachoree pampu ya kuvuta maji kutoka chini ya jangwa, na barua ya kuachishwa ni geresha tu. Randa alimwambia hayo yanawezekana ila kampuni ya siri isingemtaka mtu asiyesalimia.

Mwanamke alitoka kwenye geti la karakana, akavuka barabara akija kwetu. Alikuwa na umri wa kama miaka arobaini, kwapani ana sanduku la mbao la zana za kuchorea na mkononi karatasi zilizofungwa kwa kamba. Sanduku nililijua. Sote tulilijua.

— Hamjambo. Mimi ni binti wa mchoraji wa hapo ndani.

Walimpisha benchi zima. Hakukaa.

— Karibu, dada, Randa alisema. Pole na safari. Mzee hajambo?
— Yuko kwangu. Nilimfuata Jumatano baada ya jirani kunipigia simu kwamba ameanguka kwenye ngazi. Haoni.

Mama Buli aliweka kikombe chini.

— Daktari anasema ni presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, inaingia ndani taratibu, haiumi. Kuna dawa ya matone. Mtu anatia kila siku, ugonjwa unasimama pale ulipofika. Ila kilichokwenda hakirudi. Jicho moja limezima. La pili limebaki kama tundu la sindano, naye haoni kitu cha maana kupitia tundu hilo.

Alizungumza bila kupandisha sauti, kama mtu aliyekwisha kulirudia jambo hilo mara nyingi, kwa watu wengi, katika siku chache.

— Daktari ameniuliza ilianza lini. Baba anasema juzijuzi. Najua si kweli. Mimi niko mbali, nina cherehani na watoto, nilikuwa namsikia kwenye simu tu, na kwenye simu alikuwa mzima. Nyinyi ndio mliokaa naye kila siku. Nimekuja kuwauliza hilo tu. Alianza lini kutoona?

Cheche alitazama ncha za viatu vyake.

— Sisi tulidhani... Randa alianza, akaacha.
— Kidole, Mama Buli alisema polepole, kana kwamba anajiambia mwenyewe. Maskini, kile kidole.

Yule dada aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Ningeweza kukaa kimya. Hakuna aliyekuwa akinitazama, na mashine ilikuwa inanguruma. Niliizima. Nikatoka nje.

— Mimi najua, nilisema. Aliniambia mwenyewe, mvua za mwaka jana. Na wakati huo alisema ni mwaka wa pili.

Benchi zima liligeuka. Yeye hakushtuka. Alilihamisha sanduku kutoka kwapa hili hadi lile.

— Mvua za mwaka jana, alisema. Daktari anasema mwaka jana lile jicho lililozima lingeokoka. Ulimwambia nani?
— Aliniapisha, dada. Alisema akishapita mtihani atakwenda mwenyewe.
— Hilo sina shaka nalo, baba ndivyo alivyo. Nimeuliza ulimwambia nani.

Alingoja. Hakungoja kwa hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Niliona Randa akitaka kunitetea, nikaona pia kwamba hakupata la kutetea. Mwishowe yule dada alitikisa kichwa kidogo, akatuaga kwa adabu, akaondoka kuelekea stendi akiwa amelikumbatia sanduku kwa mikono miwili.

Hatukumaliza kahawa siku ile. Mama Buli aliimwaga barabarani ikiwa bado inatoa moshi, akafunga vikombe vyake, na mimi nikarudi ndani.