Siku Niliyotangazwa Kuwa Nimepona

Jumamosi, mwezi wa nne. Mvua tangu asubuhi, imekatika mchana. Naandika niliyosema leo Rwamishenye kwenye kikundi cha wazazi wa watoto wenye usonji, kabla sijaanza kuyapamba. Huenda nilisema vibaya. Nilisema hivi:

"Ndugu zangu, mnivumilie nikitazama sakafu. Nikiwatazama usoni, maneno yananipotea. Mimi ni mtoto wa Ijumbi, na nimezaliwa na usonji. Nyumbani hawakujua jina hilo. Walijua nina kasoro mbili: sipigi magoti kuamkia wakubwa, na sili ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Nanyi mnajua kwetu vinapikwa sufuria moja. Shangazi alikuwa akisema, 'Huyu anaringa, anataka hoteli.'

Nikapelekwa kwa mwombeaji, simtaji. Likizo nzima nilifungishwa saumu, nikafukizwa, nikafundishwa kuamkia. Piga magoti, tazama uso, tabasamu. Nikikosea, tunaanza upya. Jumapili ya mwisho niliamkia mstari mzima wa wazee bila kukosea. Wakapiga makofi, wakatangaza nimepona. Niseme haki: hakunipiga, na mama alinipeleka kwa kunipenda.

Lakini mimi hakuna aliyeniuliza. Nilirudi nyumbani nikaingia chini ya kitanda, nikaacha kusema msimu mzima wa kahawa. Huko ndiko kupona nilikotangaziwa. Na waliponiona bubu wakasema pepo amerudi, nipelekwe tena.

Aliyetuzuia ni mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, hapa Bukoba. Hakuahidi kuniponya. Alimwuliza mama, 'Anachukia nini?'

'Mwalimu, hasemi huyu.'

'Nimekuuliza wewe, mama. Wewe ndiye unayeishi naye.'

Mama akasema, 'Kelele. Na vyakula vikigusana.'

Nilikuwa mlangoni. Kumbe alijua siku zote.

Mwalimu alinifundisha kuinua kadi kelele zikinizidi, na kuomba kutoka nje. Huo ni msaada, nami bado nauhitaji. Siwasemei wote. Mwenzetu mmoja ana usonji na kifafa, anasema vyote vikiondoka atashukuru. Ni haki yake. Ila mimi inaniuma, nawaambia kweli, mtu akiniombea mbele yangu niponywe, kana kwamba anaomba aje mtoto mwingine akae mahali pangu.

Namshukuru mwalimu, na mama aliyekubali kujibu. Ninachowaomba: kabla hujampeleka mtoto akaponywe, jiulize kinachomwumiza ni nini, uanze na hicho."

Dada mmoja wa Hamugembe, aliyekuwa ametuaga kwamba kesho anampeleka binti yake kwa mwombeaji, akainua mkono. "Sasa nisipompeleka, ataniamkia lini?"

Nikasema mimi mwenyewe magoti sijapiga mpaka leo.

Mama akadakia kutoka nyuma, "Na ameshanizoesha, waitu, ndugu zangu. Asubuhi anagonga mlango wangu mara mbili, basi nimeamkiwa."

Watu wakacheka. Yule dada hakucheka. Alimfunga binti yake kitenge mgongoni, akafika mlangoni, akageuka. "Hicho kitengo, Jumatatu wanafungua?"

Nikamjibu wanafungua. Sijui kama ataenda. Labda nilikuwa mkali mno.

Jioni tumekula ndizi na maharage. Mama alipika sufuria mbili.