Macho ya Mchanganya Wino

Mheshimiwa mgeni rasmi; Mkurugenzi wa kiwanda hiki cha uchapaji; viongozi wa chama cha wafanyakazi; Daktari wa macho, uliyewaacha wagonjwa wako ukaja kukaa nasi; ndugu wageni waalikwa; mafundi wa mashine, wakata karatasi, wafunga vitabu, na nyinyi wa viti vya nyuma ambao pua zenu zimeshafika jikoni; Mama yangu mpenzi; na Baba yangu, mliyemzoea kwa jina la Mzee Wino, ambaye leo ndiye mwenye shughuli: nawasalimu nyote kwa heshima zote.

Naomba radhi mapema. Nitakuwa nikisita kila baada ya sentensi mbili tatu, na msidhani nimesahau maneno. Wazazi wangu ni viziwi, hilo mnalijua. Mkalimani aliye hapa kando yangu anampa Mama maneno yangu kwa lugha ya alama, na Mama, kama mnavyomwona pale mbele, magoti yake yamegusana na ya Baba, anamwekea maneno hayo hayo viganjani. Kiganja hakina mbio za ulimi. Kwa hiyo tutamsubiri Mama, na mwenye haraka atangulie nyumbani.

Ndugu zangu, mnajua kazi aliyoifanya mtu huyu. Mteja alikuja na kipande cha kitambaa kilichopauka, akasema anataka jalada la kitabu liwe na kijani kile kile, si kilichokolea, si kilichofifia. Baba alikipeleka kitambaa dirishani, akakitazama, akarudi mezani, akachota njano, akachota buluu, akaongeza tone la nyeusi mnaloliogopa wengi wenu. Akakoroga. Mteja akaondoka anacheka. Ni nani kati yenu, mafundi, aliyewahi kumrudishia Baba kopo la wino akisema rangi si yenyewe? Namwona mmoja anainamisha kichwa. Na ulishindwa ubishi ule, kaka, usijifanye hukumbuki.

Lakini mimi macho yale niliyajua kwa kazi nyingine. Nyumbani kwetu mwenye masikio ni mimi peke yangu. Wazazi wangu walisikia kwa macho. Watu wenye masikio wakitaka kuongea kwa mbali hupiga kelele mpaka mishipa ya shingo iwatoke. Sisi hatukuwa na shida hiyo. Baba alisimama kwenye dirisha la juu la ukumbi wa mashine, kioo kimefungwa, mimi nimesimama getini na sare ya shule, tukazungumza tukashiba. Aliniuliza hesabu zimeendaje. Alinieleza nani amenuna leo na kwa nini. Msimamizi, naona umekaa sawasawa kwenye kiti. Usiwe na wasiwasi, mengi aliyosema juu yako yalikuwa mazuri.

Ninalitamani dirisha lile. Nimepita pale chini leo asubuhi nikijua hakuna mtu juu, na bado nimeinua uso.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Baba alikunywa maji kama anazima moto, akaenda chooni, akarudi, akanywa tena. Akabadilisha miwani. Ile mipya ikamfaa wiki chache, kisha ikamkataa. Akanunua nyingine, nayo vile vile, mpaka muuza miwani akaanza kumpokea kama shemeji. Daktari alitufafanulia baadaye, nami nalisema hapa kwa sababu humu ukumbini wapo wanaopitia hayo hayo kimyakimya. Sukari ikizidi kwenye damu, mwili hujaribu kuitoa kwa mkojo, na haitoki peke yake, huondoka na maji. Ndipo koo linakauka. Lenzi ya jicho nayo huvimba na kunywea kadiri sukari inavyopanda na kushuka, kwa hiyo hakuna miwani itakayoiweza. Ukijikuta unabadilisha miwani kila mara, kabla ya kwenda tena dukani, nenda kapime sukari.

Baba hakupima. Alipiga hesabu yake mwenyewe: nakojoa sana kwa kuwa nakunywa sana, basi nisinywe. Choo, kama mnavyofahamu, kiko mwisho kabisa wa ua, na kutoka kwenye mashine ni mpaka ruhusa. Akaacha maji kuanzia asubuhi hadi jioni, huku mwili unaendelea kuyamwaga. Mheshimiwa Mkurugenzi, nakuheshimu sana, na hukujua. Lakini mwaka ule ule ofisi yako ilimpa Baba cheti cha mfanyakazi asiyebanduka kwenye mashine. Tukakipiga picha. Mwezi haukuisha, akaanguka pale pale kwenye mashine yake, midomo imepasuka kwa ukavu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Miezi kadhaa kabla ya kuanguka kwake, nyumbani kulikuwa na baridi. Katika nyumba ya viziwi, mwenzako akikuzungumzia, unamtazama. Ukifumba macho au ukigeuza uso katikati ya maneno yake, umemfungia mlango puani. Hakuna tusi linaloshinda hilo. Na Baba alianza kugeuza uso. Mama akinyanyua mikono kumweleza jambo, Baba anatazama ukutani. Anatazama begani kwake, anatazama mlango, popote isipokuwa usoni mwake. Mara nyingine anafumba macho kabisa, anayasugua. Mama alikasirika, kisha akaumia, na mwisho akaacha kuzungumza. Alipika, akaweka sahani mezani, akaondoka. Mimi aliniambia kwa mikono midogo, ya mtu anayenong'ona: "Baba yako amenichoka. Hata kunitazama hataki."

Daktari, unaikumbuka siku ile chumbani kwako? Baba alikuwa ametoka wodini, nyayo zimevimba, kope zimejaa. Ulitwambia figo zimechoka kwa sukari na presha, kwa hiyo maji yale yale aliyokuwa akiyapoteza sasa hayatoki yanavyotakiwa, yanajaa miguuni. Ukasema hata mishipa midogo ya nyuma ya jicho imeanza kuvuja, na maji yameingia pale katikati kabisa, mahali tunapotumia kusomea na kutambulia nyuso. Ukamfunika Baba jicho moja, ukaniomba nimuulize anaona nini.

Baba akajibu: "Kingo ziko safi. Katikati pamemwagikiwa maji, kama wino uliotota."

Kisha akamgeukia Mama, yaani akageuza uso kando yake, na akasema: "Nikikutazama usoni, mikono yako inapotea. Nikitazama ukutani, nakuona kidogo. Nilikuwa nageuka ili nikuone."

Mama alikaa chini sakafuni. Daktari akadhani ameanguka, akaita nesi. Hakuwa ameanguka. Alikuwa analia, na hakutaka kulilia kwenye kiti cha hospitali.

Tangu hapo tumehangaika. Dawa za kutoa maji, chumvi kidogo, maji ya kunywa kwa kipimo cha daktari, sukari inapimwa kila siku, na sindano za jicho, ambazo Baba anazikalia kimya na mimi nje ya mlango ninazipigia kelele kwa niaba yake. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linapigania kilichobaki. Miguu imenywea, na uvimbe wa jichoni umepungua, lakini kijani na buluu hawezi tena kuzitenganisha, ndiyo maana tumekusanyika hapa kumuaga kazini kabla ya wakati wake. Kama jicho hili litabaki, Baba ataendelea kumwona Mama akimkaribia. Likienda, vitabaki viganja tu. Daktari hajatuahidi kitu, na tunamshukuru kwa kutotudanganya.

Juzi nilimuuliza Mama anachokikosa zaidi. Nilidhani atasema jinsi Baba alivyokuwa akimtazama. Akasema: "Nakosa kugombana naye. Zamani namrushia maneno nikiwa jikoni, yeye yuko uani, tunawaka moto. Sasa nikitaka kumgombeza mpaka nimshike mikono. Nitamgombeza nini mtu niliyemshika mikono?"

Baba, aliposimuliwa, alisema naye anazikosa zile kelele.

Mheshimiwa Mkurugenzi, zawadi mliyompa ni nzuri na tumeipokea kwa mikono miwili. Nina ombi moja, na nalitoa mbele za watu ili usiponijibu waone. Weka maji ya kunywa pale kwenye mashine. Mtu akitaka kwenda chooni, aende bila kuomba. Na mara moja kwa mwaka mwalike Daktari aje kupima sukari na kuchungulia macho ya hawa mafundi, wakiwa bado wanaona vizuri na wanadhani hayawahusu. Umekubali kwa kichwa, mkalimani ameona, Mama ameona, sasa hivi Baba anajua.

Nawashukuru nyote mliofanya naye kazi, mliojifunza alama mbili tatu za kumsalimia, hata nyinyi mliojifunza za matusi kwanza. Namshukuru Daktari na manesi wake. Namshukuru Mama, ambaye tangu nianze kuongea hajapumzisha vidole.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya mwisho kwa ajili ya Baba, lakini hayo sitayasema hapa. Kwa miaka yote Baba amekaa kwenye sherehe zenu, akawatazama mnacheka, akangoja mtu akumbuke kumwambia mnacheka nini. Leo ngojeni nyinyi. Mama, mwachie mikono kidogo, nipishe hapo.

Enyi wenye masikio, asanteni kwa kunisikiliza. Baba, ninakuja.