Waliposema Damu ya Ukoo Wangu Imeoza

Shikamooni baba zangu na mama zangu, na ninyi wengine poleni na kazi. Mniwie radhi, nitasema mambo ya kuchefua, maana ndivyo yalivyokuwa.

Miaka ile simu za mkononi ndiyo zinaanza kuingia huku kwetu mlimani, Mwika. Tulikuwa tunachuma kahawa, fizi zangu zikaanza kutoka damu. Nikadhani ni mswaki. Ikawa kila nikiamka mto umelowa, unanuka kama buchani. Mapaja yakajaa mabaka meusi. Nikionja mtori wa ndizi nasikia ladha ya damu tupu, nautema. Nilijichukia, jamani.

Watu wakaamua wenyewe kwamba ni ule ugonjwa wa mjini. Kikombe changu kikafungwa uzi mwekundu, kisichanganyike na vya watu. Ndugu mmoja wa upande wa mume wangu alikuwa anaziba pua mbele yangu, huku ananiuliza, "Unaendeleaje, mama?"

Mume wangu akanishusha hospitali Moshi. Wakatoboa mfupa wa nyonga, wakatoa uboho, wakaupeleka nje ya nchi kupimwa. Majibu yaliporudi, daktari, dada mmoja kijana, akatuambia ni saratani ya damu, aina adimu inayoua haraka. Vinasaba vimekatika vipande, vikabadilishana mahali. Yule ndugu alikuwepo. Akadaka neno moja tu, vinasaba, akalipandisha mlimani: "Damu ya ukoo wao imeoza. Wanarithishana."

Ndugu zangu, nawaambia, binti yangu alikuwa amechumbiwa. Mbege ya posa ilishanywewa. Watu wa upande wa mchumba wakatuma mtu kusema wamesitisha. Walewale waliokula kwangu wakajilamba vidole!

Nikamwambia daktari, "Sitaki dawa yenu. Niacheni nife, nimeshamharibia mwanangu."

Akavuta kiti. "Nani amekwambia ni ya kurithi? Mama, hukuzaliwa nayo, wala hukumpa binti yako. Imezuka ukubwani, ndani ya uboho wako. Na hitilafu hiyohiyo ndiyo inatupa pa kushika. Chembe zako za damu zimegoma kukomaa. Kuna vidonge vinavyolenga palepale, vinazilazimisha zikomae. Ungekuwa na aina nyingine, visingekusaidia."

"Rudia," mume wangu akasema. "Rudia polepole, nikawaambie."

Nikameza. Kichwa kiligonga, midomo ikapasuka, na dawa za dripu zikaning'oa nywele. Lakini fizi zikakauka. Walipotoboa nyonga tena baadaye, ile hitilafu hawakuiona.

Mume wangu aliyarudia maneno ya daktari kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wote. Wale wa upande wa mchumba wakaja tena na mbege mpya. Binti yangu akawaamkia vizuri, kisha akasema, "Hiyo rudini nayo." Nilitapika sana mwaka ule, lakini siku hiyo nilicheka.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na wauguzi waliofuta matapishi yangu bila kukunja uso. Nawashukuru ninyi mliojitolea damu. Mume wangu, asante, baba. Neno langu ni hili: ukisikia neno la hospitali usilolielewa, muulize aliyelisema, hapohapo, kabla hujapanda nalo gari.

Yule ndugu yumo humu ndani, simtaji. Nimemsamehe kwa mdomo. Tumboni bado nachefuka nikimwona. Niombeeni hapo.