Bi Fahima Aliyegeuza Soko la Zombe

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kutupangia miji, Bi Fahima Sufian, msanifu majengo wetu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Mei. Ofisi nzima haikaliki kwa furaha.

Alizaliwa Mwingi, binti wa muuza vitambaa, akasomea Nairobi, kisha akarudi huku wenzake waking'ang'ania ofisi zenye lifti. Ukivuka barabara pale Emali bila kukoswakoswa na lori, mshukuru yeye.

Sote tunaijua tabia yake ya kumwaga chokaa chini kabla ya kuchora lolote. Aliianzia Zombe. Soko la huko alilichora akiwa mezani, likapendeza kweli, vibanda vyote vikitazama barabara. Kumbe vilitazama pia jua la alasiri. Saa tisa mboga zimenyauka, akina mama wamelowa jasho. Wakafungasha, wakarudi uwanja wa zamani, soko jipya wakawaachia mbuzi.

Mkubwa wetu wa wakati huo alitaka askari wawarudishe kwa nguvu. Bi Fahima alikataa katakata. Alimwambia kosa ni la mchoro wake, atalirekebisha mwenyewe, na akina mama wasiporudi kwa hiari yao ataacha kazi. Tulishika vichwa, maana tulijua hatanii.

Akaenda kuketi uwanjani wiki nzima kando ya Mama Nzilani, muuza ndengu, akimwaga chokaa kila kivuli kilipohamia. Alisaidia pia kuuza, ingawa Nzilani alilalamika kwamba kwa vipimo vile vya ukarimu angemfilisi. Kisha ukuta wa nyuma ukabomolewa, vibanda vikageuzwa vitazame mashariki.

Siku ya soko tulisimama pale kama watahiniwa wanaongoja matokeo. Asubuhi ikapita, hakuna aliyeingia. Jua lilipoanza kuchoma, Mama Nzilani akainuka, akajitwika gunia, akaingia. Wengine wakamfuata, na mimi Kiema, mchoraji wake wa ramani, nililia mbele ya watu bila haya.

Sasa sikieni. Kibanda kilicho kando ya Nzilani hakijawahi kukaliwa na mtu, wafanyabiashara wamekataa kumpa yeyote. Wametutuma tutangaze kwamba ni cha Bi Fahima, kuanzia Jumamosi.

Mama, asante kwa yote. Tunakuombea afya, furaha na alasiri nyingi kivulini. Sharti ni moja tu: ndengu atapima Nzilani mwenyewe.