Mungu Alinirudishia Hamu ya Wanangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyinyi mliokaa karibu na mlango ili mtoroke kabla ya matangazo, Bwana asifiwe kwenu pia!

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Akinyi. Nauza omena, hao dagaa wa ziwa letu, kule ufuoni Dunga, na Baba Akinyi ni mtu wa bodaboda hapa Manyatta. Mungu ametupa watoto wawili: Akinyi, ambaye yuko shule ya msingi, na mdogo wake Omondi, ambaye hata kusema "r" bado. Wengi wenu mlikuwa mnanijua kwa kicheko. Nikicheka pale ufuoni, watu walio ndani ya maji wanauliza kumetokea nini. Mchungaji mwenyewe aliwahi kunitolea macho kwa kucheka katikati ya mahubiri. Sijitetei, nawaambia tu ili mjue ni mtu wa namna gani aliyepotea.

Nilipotea polepole. Hakuna aliyekufa. Baba Akinyi hakunipiga, hakuleta mke mwingine. Nilianza kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Chai ikakosa ladha. Kicheko kikaenda, kisha maneno yakaenda. Mtu ananieleza habari, naona mdomo wake unasonga, naitika "ndiyo", na sijui nimekubali nini.

Ndugu zangu, hili ninalosema sasa ni gumu kulisema mbele ya kanisa. Nilikuwa namwangalia Omondi akinywa uji, mtoto niliyemwomba Mungu kwa machozi, na sisikii kitu moyoni. Nilimpangusa mdomo, nikamvalisha sweta, nikamfunga mgongoni. Mikono ilijua kazi yake. Lakini mimi sikuwepo!

Kina mama wa omena mtanielewa. Ukishaianika omena juu ya nyavu, jicho moja liko kwa mteja na jingine liko mawinguni. Wingu likitokea upande wa ziwa, hakuna cha heshima tena. Mjamzito anakimbia, nyanya anakimbia, aliyekuwa akila anaacha sahani. Omena ikilowa inaharibika, na ulichohangaikia kinakuwa chakula cha kuku. Siku moja mvua ilikuja, na mimi nikakaa. Niliiona ikija. Nilisikia wenzangu wakiita jina langu. Nikajiambia, simama wewe, na mwili ukakataa. Nikakaa juu ya ndoo yangu, omena inanyeshewa na mimi nanyeshewa. Mama Atieno, jirani yangu wa pale tunapoanika, ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya kugombania nafasi ya kuanikia, ndiye aliyekuja kuizoa.

Habari zilifika Ahero kabla nguo zangu hazijakauka. Huko ndiko anakokaa mama mkwe wangu. Yuko hapa leo, ameketi na kina mama, na nimemwomba ruhusa niyaseme haya. Alikuja mbio, akaniangalia, akasema hii ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Kwetu Wajaluo mke wa kijana hatangulii mama mkwe kupanda. Na kweli, msimu ule nilitangulia! Mama alikuwa ameenda matangani, mvua imekaribia, na mimi mtu wa Kisumu mwenye haraka zangu nikatia mahindi ardhini kule Ahero bila kumngoja. Kwa hiyo Mama alikuwa na sababu yake, na akaniletea manyasi, zile dawa za mitishamba za kuondoa chira. Asubuhi nakunywa manyasi ya Mama, jioni naombewa na kikundi cha maombi. Hawa hawakujua ya wale. Ni mimi tu niliyekuwa katikati, na sikuwa na nguvu ya kumkatalia mtu yeyote.

Sikubadilika. Ndipo Mama akasema watoto waende Ahero, maana chira haiishii kwa mtu mmoja. Hakuwachukua kwa ubaya, nataka mnisikie vizuri. Aliwapenda na aliogopa. Akinyi alishika mlango akilia, "Mama, niambie nisiende!" Omondi alikuwa anafurahia safari. Mimi niliwapungia mkono, nikaingia ndani, nikalala. Sikudondosha chozi. Nililala nikijiuliza mwanamke gani anachukuliwa watoto na halii.

Baba Akinyi ni mtu wa maneno machache, lakini alinitafutia msaada katika mji huu wote. Alikuwa akipeleka abiria mahali, akiona kibao cha hospitali anaingia kuuliza. Moja walisema daktari wa akili yupo, lakini bima ya serikali hawaipokei kwa kazi hiyo. Nyingine bima wanaipokea, lakini kwa kujifungua na malaria. Mambo ya kichwa hapana. Nyingine walimwambia daktari huja, na hakuna aliyejua huja lini. Bima tunayo, tunailipia kila mwaka kwa jasho, na milango haifunguki! Alikuwa akirudi jioni, anavua helmeti, ananiangalia, anasema, "Bado." Tukaanza kuliogopa hilo neno.

Nilimwomba Mungu aniletee malaika. Akaniletea Mama Atieno.

Aliingia bila kubisha, akasimama katikati ya nyumba na mikono kiunoni. "Mama Akinyi, mimi sikuja kukuombea. Wa kuomba wako wengi. Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Kliniki. Hii kitu yako mimi naijua. Ilinikalia hata mimi, nikameza dawa, na bado nameza."

Nilimtazama. Miaka yote hiyo tunaanika omena bega kwa bega, tunagombania nafasi, na sikujua. Nikamwambia tusihangaike, tuna bima ya serikali tu, na Baba Akinyi amerudishwa kila mahali.

"Si hata yangu ni hiyo hiyo? Hapo wanachukua. Na si mbali. Ni vile hakuna mtu anataka kuonekana akiingia."

Ndugu zangu! Kliniki ilikuwa nyuma ya chumba cha chanjo, kwenye zahanati ile ile nilikompeleka Omondi achomwe sindano! Nilipita pale nimebeba mtoto, nikaona watu kwenye benchi, nikaharakisha nisidhaniwe mmoja wao. Baba Akinyi alizunguka mji mzima, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu wanaojua wanaficha. Hata kwenye benchi siku ile nilimkuta mtu wa kanisa hili. Alijifunika leso hadi puani. Sitamtaja, na wewe acha kuangalia sakafu, watakujua!

Pale dirishani nikaambiwa niweke kidole kwenye mashine ya bima. Ikakataa. Kidole kingine, ikakataa. Yule dada akanipa kitambaa nijipanguse, ikakataa tena. Nikawaza, hata mashine inasema mimi sipo. Nilitaka kugeuka nirudi kitandani kwangu. Mama Atieno akashika mkono wa gauni langu.

"Mama, wewe unafanya kazi gani?" dada akauliza.

"Samaki. Omena."

"Aa, ndio maana. Hizo magamba na chumvi zimekula vidole zako. Leta ya mwisho, ya kushoto."

Kidole hicho kidogo, ambacho sikifanyii kazi yoyote ya maana, ndicho kilichokubaliwa. Jina langu likatokea. Mama Atieno akapiga makofi pale dirishani mpaka nikaona aibu, na hiyo aibu ilikuwa kitu cha kwanza nilichohisi kwa muda mrefu.

Daktari alikuwa msichana mdogo, umri wa binti wa dada yangu. Hakuniuliza nimemkosea nani. Aliniuliza mara ya mwisho nilicheka lini, na nikashindwa kukumbuka. Akaniambia huu ni ugonjwa, una jina, na watu wanapona. Akasema niendelee kuomba na nimeze dawa, na kila Jumanne nije tuongee. Ndugu zangu, sijawahi kufikiri Mungu anaweza kukaa kwenye chumba chenye feni mbovu na kalenda ya zamani, lakini alikuwa pale.

Sitawadanganya kwamba niliruka siku hiyo hiyo. Dawa zilinikausha mdomo, zikanilaza mchana. Nilitaka kuziacha, na Mama Atieno alinigombeza mbele ya wateja. Nikaenda Jumanne, nikaenda tena Jumanne. Usingizi ukaja kwanza. Chai ikaanza kuwa chai.

Halafu ikafika ile siku. Nilikuwa Dunga asubuhi, napimia mteja omena, na mtoto wake amechutama kando ya beseni langu. Akachukua omena moja, akang'ata mwili, akatema kichwa, vile vile anavyofanya Omondi. Nilimtaka Omondi! Nilitaka uzito wake mgongoni na makamasi yake kwenye blauzi yangu. Nilitaka kumsikia Akinyi akinibishia. Nilitazama upande wa Ahero, ambako huoni kitu isipokuwa uwanda na ukungu, nikalia kwa sauti, kopo bado mkononi.

Wanawake walikuja mbio wakidhani ugonjwa umerudi. Mama Atieno akanishika mabega. "Ni nini? Ni nini?"

"Nawataka watoto wangu!"

Akainua mikono juu, ufuo mzima ukamsikia. "Asante Yesu! Analia! Mama Akinyi analia!"

Watu wanashuhudia Mungu alivyowaondolea maumivu. Mimi nasimama hapa kushuhudia kwamba alinirudishia yangu. Haleluya! Yule aliyewapungia mkono watoto na kwenda kulala hakuwa mimi, na asubuhi ile nilirudi.

Lakini hamu ni kitu kibaya, jamani. Ikishaamka hailali tena. Nilikuwa nikipika nazidisha unga, natoa sahani nne. Nikisikia mtoto wa mtu akiita "Mama!" sokoni, nageuka. Nilipokwenda Ahero kuwaona, Omondi alijificha nyuma ya bibi yake, kisha akaja akanipa mkono kwa adabu kama mgeni wa nyumba. Nikaupokea. Akinyi alinikumbatia, lakini alikuwa akinichunguza uso, anatafuta kama ni mimi. Nilitaka kuondoka nao saa hiyo hiyo. Mama akasema, "Ngoja kidogo, mwanangu, tuone." Kisha mafuriko yakajaa uwanda wa Kano, barabara ya Ahero ikafungwa, na mimi nikakaa huku natazama upande ule, na hakuna dawa ya hilo.

Barabara ilipofunguka Mama alikuja mwenyewe, akasema anataka kumwona huyo daktari. Tukaenda wote Jumanne. Alimwuliza maswali yake yote, hata la chira, mimi natamani sakafu inimeze. Yule msichana akasikiliza hadi mwisho, akamjibu moja moja, hakucheka. Njiani Mama aliniambia tu, "Huyo mtoto anajua kuheshimu watu." Nikarudi kusubiri.

Jana Mama alileta watoto. Tangu amwone daktari huwaleta wikendi na kimfuko kidogo, na Jumapili jioni wanarudi, na mimi nasimama stejini mpaka gari lipotee. Jana nilipompokea mzigo, mkono wangu ukashuka kwa uzito. Nikafungua kutafuta sweta ya Omondi. Nikakuta yunifomu ya Akinyi ya shule ya hapa Manyatta, ile aliyoondoka nayo. Imefuliwa, imepigwa pasi, na pindo limeshushwa, kwa sababu mtoto amerefuka nikiwa sipo. Nikamtazama Mama. Alikuwa anajifanya anafunga leso.

Akaniuliza, "Shule ya huku inafunguliwa lini?"

Ndugu zangu, niliikumbatia ile yunifomu na pasi yake yote!

Namshukuru Mungu aliyenitafuta nilipokuwa sijitafuti. Namshukuru Baba Akinyi kwa kila mlango aliobisha. Nakushukuru, Mama, mbele ya kanisa, kwa kunitunzia wanangu nilipokuwa siwezi kuwatunza. Na Mama Atieno, ile nafasi ya kuanikia ni yako, lakini usijizoeshe.

Na wewe uliye hapa, unayeimba na sisi na moyo haupo, unayemwangalia mtoto wako na husikii kitu: hujalaaniwa, na Mungu hajakuacha. Mtegemee, kisha vaa viatu. Sijui habari za bima zote wala hospitali zote, lakini pale nyuma ya chumba cha chanjo ile yetu ya serikali wanaipokea, na kila Jumanne asubuhi mimi niko kwenye benchi, sijajifunika leso. Njoo ukae kando yangu. Ukitaka tusiongee, hatutaongea.

Niishie hapo, Mchungaji. Omondi ameshaanza kuvuta sketi ya bibi yake kwa njaa, na leo wa kumpikia ni mimi.