Aubrey Stallard na Lango la Pembeni

Aubrey Stallard alizaliwa hapa hapa Wendlecombe, tarehe 9 Mei 1888, mtoto wa pekee wa Enoch Stallard na marehemu Keziah. Siku hiyo mvua ilivunja mechi, ndiyo maana baba yake alikuwepo nyumbani.

Alisoma shule ya kanisa, kisha akapata ufadhili wa kusoma mjini. Baba yake hakusoma. Mwaka 1909 Aubrey alianza kufundisha hesabu, na mwaka uliofuata akaitwa timu ya kriketi ya mkoa, mchezaji wa ridhaa. Baba yake alikuwa mrusha mpira wa timu hiyo hiyo, wa kulipwa. Mnajua ilivyokuwa: wa ridhaa waliitwa Bwana, wakapita lango la katikati. Wa kulipwa tulipita pembeni, karibu na choo.

Siku ya kwanza baba yake alimtania, "Bwana Stallard, uko tayari?"

"Baba, ukiniita hivyo tena namwambia Mama."

Akamfuata kwenye lango la pembeni. Nahodha akapaza sauti, "Bwana Stallard, lango lako lile kule!"

"Baba yangu yuko huku."

"Ukipita hilo, hii ndiyo mechi yako ya mwisho."

Akapita. Alipata mikimbio arobaini na moja. Hakuitwa tena, wala hakulalamika.

Alimwoa Harriet Pym tarehe 12 Aprili 1912, wakampata Mabel.

Mwaka 1915 alikwenda vitani Ufaransa. Akarudi na gesi ya sumu mapafuni. Mama yake alimuuguza mpaka yeye mwenyewe akatangulia, 1919. Darasani hakuweza kurudi, sauti haikutosha. Alikaa dirishani akitazama uwanja, chai ikipoa mkononi.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Februari 1922, asubuhi. Baba yake alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mke, binti na baba.

Njia ya makaburini inapita uwanjani. Viongozi wa klabu walikuja juzi kusema watamfungulia lango la katikati, na wamelipaka rangi. Tunawashukuru. Lakini nyinyi mliombeba, mkifika pale, pitieni pembeni. Ni jembamba. Mlazeni ubavu kidogo, taratibu, atapita.

Pumzika, mwanangu. Baba yako yuko huku.