Siku Polisi Walipomshika Kilomètre

Pale ambapo lami ya Lubumbashi inakatika na vumbi jekundu linaanza, Mama Geneviève alilaza ubao mrefu juu ya matofali mawili ya simenti, akaweka jiko la makaa, thermos mbili na beseni la maandazi ya beignets, na kijiwe kikajizaa chenyewe. Kila asubuhi wanaume watatu waliukalia ubao ule mpaka ukalia. Clément alikuwa amefagia sakafu za tribunal miaka kumi na tisa, akasikia kesi nyingi kuliko majaji, na kwa hiyo watu walimwita Maître, kama wakili. Aristote, mjukuu wa Wakasai waliokuja na reli, alifundisha jiografia kipindi cha mchana. Huyo alikuwa Prof. Wa tatu aliuza maharagwe kwa jumla, alitoka Kivu ya Kaskazini, wakamwita Butembo, jina la mji wake. Wa nne hakukaa hata siku moja. Huyo ni Kilomètre, fundi viatu, aliyekuja kwa miguu kutoka Kasungami na sanduku begani, akiligonga kwa burashi, ko-ko-ko, ili wenye viatu vilivyopasuka wasikie. Alikunywa kahawa amesimama, sukari mbili, akaendelea na safari. Geneviève hakuwa na saa. Alikuwa na Kilomètre. Na asubuhi hii jua lilikwisha kufika kwenye bati la pharmacie, duka la dawa la ng'ambo, na Kilomètre hajaonekana.

Aliyeonekana ni Virginie, muuza vocha za simu wa kule rond-point, kwenye mzunguko wa barabara. Hakuwa mtu wa kijiwe hiki. Alikuja mbio mbio, na kichwani amebeba sanduku la Kilomètre.

— Mama Gené, minaacha hii hapa. Mwenyewe balimubeba.

— Nani alimubeba?

— Polisi. Balimusimamisha pale kwa rond-point, bakamuambia: tosha kadi, tuione. Akatosha. Kadi iko nyeupe, mama! Sura hapana, jina hapana. Anaiwekaka kwa mufuko ya shemizi, hapa kwa kifua, anatembea, jasho ikafuta yote. Bakasema: hii kadi haina muntu. Bakamupeleka kwa sous-ciat, kwa kituo yabo.

Geneviève aliweka kijiko chini. Lakini kabla hajafungua mdomo, Maître alikwisha kukohoa kile kikohozi chake cha mahakamani.

— Balifanya sawa. Muntu ya miguu hana ruhusa ya kutembea bila kadi. Iko article ya sheria.

— Article ngapi? aliuliza Prof.

— Iko mingi. Miaka kumi na tisa nilikuwa minafagia chini yake.

— Kufagia chini ya meza haiko kusoma juu ya meza. Sikia, Maître. Ile kadi iko ya kuchagulia, si njo vile? Uchaguzi ilishapita. Muntu mwenye kutembea hachague. Anatembea. Ju ya nini umuulize kadi ya kuchagua?

— Juu polisi anapashwa kujua wewe ni nani!

— Nitamuambia kwa kinywa.

— Kinywa haina stampu.

Butembo alichovya beignet kwenye kahawa, akaitafuna taratibu, kama mtu anayepima gunia.

— Ninyi wote munapotea. Mimi malori yangu inatoka mbali sana, na kila barrière ya polisi inapita. Ju ya nini? Lori iko na plaque ya namba. Muntu ya miguu hana plaque, sasa polisi atamujua namna gani? Batupatie plaque, bashone kwa mugongo, mambo iishe.

— Mugongoni tu? Na mbele?

— Na mbele.

— Na taa nyekundu ya kusimamia?

— Kwa wale banapendaka kusimama simama kwa njia, ndiyo.

— Na mama mwenye mimba?

Maître aliinua kidole. Swali hilo alilijua.

— Remorque. Lori na tela yake. Anaandikisha mara mbili.

Waliangua kicheko. Virginie hakucheka. Alibaki amesimama na mikono kiunoni, macho yakienda kwa huyu na kurudi kwa yule.

— Kwetu banasema, Butembo aliendelea, kuku mugeni haikosake kamba kwa mugulu. Kadi njo ile kamba.

— Kilomètre haiko mugeni, Prof alisema. Miaka sita anapita hapa.

— Hapa, ndiyo. Lakini kwa rond-point?

— Kwa rond-point anapita pia!

— Anapita. Hakale. Muntu mwenye kupita tu iko mugeni kila siku.

— Bakubwa balisema, Maître alidakia, mwenye macho haambiwi tazama. Njo maana polisi anasemaka "tosha kadi", hasemake "tazama kadi". Sheria iko ndani ya mezali.

— Hakuna kitu ndani ya hiyo mezali, Maître, Prof alisema. Mimi minawapatia siri. Tembea na mukate murefu chini ya kwapa. Polisi akiona mukate, anajua huyu muntu iko na nyumba, na kwa nyumba banamungojea. Hakusimamishe. Nilishajaribu.

— Na kama mukate iko wa jana?

— Hapo utauliza avocat wa tribunal.

— Avocat wa nini, Maître alisema, naye sasa moto ulikuwa umempanda. Kuna njia moja ya kweli. Sheria inasema: muntu mwenye kutembea juu ya udongo. Juu ya udongo! Akikusimamisha, inua mugulu moja. Nusu yako iko kwa hewa. Na hewa iko ya bandege. Polisi ya njia hawezi kukugusa tena.

— Na ule mugulu mwingine?

— Ule unaweza kubishana naye.

Ubao ulitikisika kwa kicheko, kahawa ikamwagika gotini mwa Butembo. Hapo ndipo Virginie aliposema, bila kupandisha sauti:

— Na nani alienda kumuona?

Prof alitazama barabara. Maître alitazama jiko. Butembo alijipangusa suruali, akaendelea kuipangusa hata ilipokuwa kavu.

Geneviève aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akicheka. Tangu utotoni, akiona magwanda alivuka barabara, hata kama hana kosa, hata kama upande wa pili kuna matope. Mlango wa sous-ciat aliujua kwa mbali tu, bendera yake na ukuta wake wa bluu. Na kadi yake mwenyewe ilikuwa nyumbani, imefungwa ndani ya blauzi ya harusi, chini kabisa ndani ya valizi ya nguo. Aliyajua yote hayo. Mikono yake ilikuwa tayari inakaza kitenge.

Alichukua thermos kubwa, akapanga vikombe ndani ya mfuko.

— Mama Gené, unaenda wapi? aliuliza Maître.

— Kumuona.

— Na kahawa?

— Kahawa inaenda na mimi. Virginie, dada yangu, niangalilie moto kidogo.

Akaondoka. Alikwisha kupita pharmacie aliposikia nyuma yake ubao ukilia mara tatu, krii, krii, krii, kisha viatu vya Butembo, kisha Prof akisema kwa sauti ya chini kwamba kama walimu wangeenda wote sous-ciat, nani angefundisha watoto. Lakini alikuwa anakuja. Geneviève hakugeuka. Alijua akigeuka atakutana na nyuso zao, na akikutana na nyuso zao wote wanne watarudi.

Mlangoni kulikuwa na askari kijana, mwenye daftari kubwa mbele yake.

— Mama, kadi.

Geneviève alisogeza mfuko wa vikombe mbele ya kitenge.

— Iko kwa nyumba, chef.

— Kwa nyumba? Unakuya kwa polisi bila kadi?

— Kadi iko kwa nyumba. Mimi iko hapa.

Hakujua neno hilo lilitoka wapi. Nyuma yake Butembo alitoa pumzi kama tairi. Askari alimtazama mama huyu mfupi mwenye thermos, akatazama wanaume watatu waliosimama nyuma yake wamepangana kama watoto wa shule, akashindwa acheke au afoke.

— Unataka nini?

— Fundi wa viatu, mulimubeba asubui kwa rond-point. Si muntu mubaya. Nilikuya kusema ni nani.

Ndipo mlango wa ndani ulipofunguka, akatoka commandant, mkuu wa kituo. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, uso wa mtu aliyeamka mapema siku nyingi mfululizo. Alivuta daftari, akasoma kimya, kisha akauliza swali dogo tu, bila ukali:

— Vizuri, mama. Ni nani? Jina yake yote.

Geneviève alifungua mdomo. Jina hakuwa nalo.

Akageuka. Sasa ndiyo aligeuka.

— Maître?

— Kilomètre, alisema Maître. Yaani... Kilomètre. Sous réserve. Ninaweza kukosea.

— Prof?

Prof, ambaye aliijua mito yote ya Katanga na inakoanzia, alitikisa kichwa. Butembo alitoa simu, akatafuta kwa kidole kinene, akasoma kwa sauti iliyozidi kupungua:

— Mimi minamuandika "Fundi Viatu".

— Mulikuya bantu bane kushuhudia muntu, commandant alisema, na hakuna hata moja mwenye kujua jina yake?

Nje jogoo wa mtu aliwika bila saa. Geneviève alihisi masikio yanawaka, lakini miguu yake, jambo la ajabu, haikutaka kuondoka.

— Commandant, alisema, jina yake sijue. Ni haya yangu. Lakini nitakuambia yenye minajua. Anatoka Kasungami saa ya giza na anafika kwangu jua ikianza kutoka. Miaka sita. Kila asubui, mbele ya kunywa, ananiulizaka: batoto balilala muzuri? Siku moja nilisema hapana, mutoto iko na homa. Hakunywa kahawa. Alimubeba kwa mugongo mupaka kwa hôpital, njia yote, na sanduku yake ikabaki kwangu siku nzima. Akarudi mangaribi kuitafuta. Hakusema kitu. Aliuliza tu: homa ilishuka?

Askari kijana aliacha kuchezea kalamu.

Maître akasogea mbele. Alivua kofia, na Geneviève alidhani sasa inakuja article. Haikuja.

— Siku ya kuzika bibi yangu, mama ya batoto yangu, alisema, nilitoka kwa nyumba kiatu imefunguka mbele sawa kinywa. Bantu balikuwa bananingojea. Yeye alikuwa anapita. Alitazama kiatu, akaona haitashonwa mbio. Akavua yake. Akasema: papa, hii itakuenea. Nilizika bibi yangu na viatu vya ule muntu kwa miguu yangu. Yeye alirudi Kasungami miguu mitupu.

Akaikunja kofia mikononi. Kisha, kwa sauti ambayo kijiwe hakijawahi kuisikia kwake:

— Na sikumuulizaka jina.

Prof alikuwa anatazama sakafu. Butembo alifikicha macho akisema kuna vumbi ndani ya sous-ciat hii. Commandant alivaa miwani, akasema neno moja kwa askari, naye akaenda nyuma. Waliposikia komeo likivutwa, Geneviève alishika thermos kwa mikono miwili.

Kilomètre alitoka akiburuta miguu, maana walikuwa wamemnyang'anya kamba za viatu na mkanda, na suruali alikuwa ameishika kwa mkono. Alipoona watu wanne wamesimama pale alisita, akatazama nyuma yake, kama anayetafuta ni nani wamemjia.

— Jina yako? commandant aliuliza.

— Ngoie Mumba Liévin.

— Ju ya nini hukusema asubui?

— Nilisema, Commandant. Mara tatu. Balikuwa banaangalia kadi.

Alisema bila hasira, kama anavyosema soli hii imekwisha. Commandant aligeuza daftari likamwelekea askari. Geneviève hakuwa msomaji hodari, lakini maandishi yalikuwa makubwa: *inconnu, mwanaume, kadi nyeupe.* Mtu asiyejulikana.

— Alisema?

Askari kijana alitazama daftari, akatazama kuta, akatazama viatu visivyo na kamba. Commandant hakusubiri jibu. Alichukua kalamu mwenyewe, akapiga mstari juu ya *inconnu*, na juu yake akaandika jina, polepole, akimwomba Kilomètre amtajie herufi za Ngoie moja moja. Kisha akaamuru arudishiwe mkanda na kamba za viatu, akamwambia aende commune, ofisi ya serikali ya mtaa, atafute kadi mpya, na asiiweke tena kifuani.

— Na sheria, Commandant? Prof hakuweza kujizuia. Muntu ya miguu anapashwa kubeba kadi, ao hapashwe?

— Abebe, alisema commandant. Lakini na ninyi mwenye kumuulizia, mbele ya kuangalia kadi, musikie kinywa.

Hilo aliliambia askari wake, si Prof. Geneviève, asiyejua afanye nini na mikono, alimimina kahawa. Alimpa commandant, akampa askari kijana ambaye hakuinua macho, akampa Kilomètre, sukari mbili, na thermos ikaisha hapo hapo. Ilikuwa mara ya kwanza Kilomètre kunywa amekaa. Kiti kilikuwa cha polisi.

Walirudi kwa miguu, jua limepanda. Nyuma, Butembo alikwisha kuanza tena: kama kadi inafutwa na jasho, basi kosa ni la jasho, na jasho lishitakiwe. Prof alitaka kujua jasho la nani. Maître alitembea akitazama visigino vya viatu vya Kilomètre mbele yake.

Geneviève alikuwa kando ya fundi viatu. Alijaribu jina lile mdomoni kwanza, kimya, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akalitoa.

— Liévin.

Mtu yule alisimama katikati ya njia. Hakusimama kama mtu aliyeitwa na mama wa kahawa. Alisimama kama aliyeitwa kutoka mbali, kutoka ng'ambo ya maji.

— Mama wangu njo alikuwa ananiita vile, alisema. Kule Pweto, pembeni ya ziwa. Tangu alikufaka, hakuna mwenye kuniita vile.

Geneviève alihamisha thermos tupu mkono wa pili, na alipoona yule mtu ameanza tena kutembea, akaenda naye sambamba, na kila walipofika mbele ya duka au mlango wa mtu aliyemfahamu, alisalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake:

— Jambo, Mama Agnès! Minapita na Liévin.

— Jambo, papa! Huyu ni Liévin. Ngoie Mumba Liévin.